Jamani, acheni kumwaga mabwawa!

Haya wadau, leo siasa naiweka pembeni. Nataka tuzungumzie swimingi. Ndiyo, mabwawa ya kuogelea ya majumbani, yale yanayojificha nyuma ya kuta ndefu za Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach, Kigamboni, na siku hizi mpaka Goba na Madale. Najua wapo walioanza kununa: huyu mwandishi vipi tena, watu tunagombania maji ya kuoshea vyombo, yeye anatuletea habari za watu wanaoogelea uani kwao? Tulia kwanza. Ni kwa sababu ya hayo hayo maji ya kuoshea vyombo ndiyo maana naandika.

Kuna tabia imeota mizizi katika jiji letu hili la Dar es Salaam. Bwawa likianza kuwa na ukungu, vigae vikishika utando mweupe mgumu usiotoka hata kwa brashi, klorini ikimwagwa kila siku na maji yasioneshe shukrani, mwenye nyumba anatoa amri moja tu: mwaga yote, jaza upya. Mpira unatolewa nje ya geti, maji yanateremka barabarani usiku kucha, asubuhi wanafunzi wanaruka madimbwi wakienda shule. Halafu pampu ya kisima inanguruma siku mbili tatu kujaza shimo lile lile. Muda si mrefu ukungu umerudi, utando umerudi, na ile amri nayo iko njiani.

Hoja yangu ni hii: mara nyingi ugonjwa huo una jina, una kipimo, na una tiba isiyohitaji kumwaga bwawa. Jina lake ni kupanda kwa alikali. Na ukimwaga maji ukajaza tena kutoka kisima kile kile hujautibu, kwa sababu kisima chenyewe ndicho kinachouleta.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Bwawa la kawaida la nyumbani, tuseme urefu mita 9, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.4, linabeba kama lita 50,000. Hayo ni madumu 2,500 ya lita 20. Familia ya watu 5 inayonunua madumu 5 kwa siku ingeyatumia maji hayo kwa siku 500. Yaani mwaka mzima na miezi minne na bado yanabaki! Wenye kumbukumbu wanaukumbuka mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA ikatangaza mgao, watu wakakesha na ndoo. Kwa hiyo mtu akiniambia kumwaga bwawa ni mambo yake binafsi ndani ya ukuta wake, namwambia hapana kaka, maji yaliyo chini ya ardhi hayajui ukuta wako unaishia wapi. Na huku kwetu pwani kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea ndani kuchukua nafasi iliyoachwa wazi. Siku jirani yako anayeuza madumu akianza kuteka chumvi, utamweleza nini?

Sasa alikali ni mdudu gani?

pH wengi tunaikumbuka kutoka shuleni, kile kipimo cha kujua maji yana ukali wa asidi au yameegemea upande wa magadi. Maji ya bwawa lenye klorini yanatakiwa yawe na pH ya kati ya 7.2 na 7.8, na hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu mabwawa ya kuogelea unasema hivyo. Alikali ni kitu kingine, ingawa watu wanavichanganya. Hiyo ni akiba ya madini, hasa bikaboneti, iliyoyeyuka ndani ya maji na kuizuia pH isirukeruke. Fikiria shokapu za gari. Zikiisha, kila kashimo kadogo kanakurusha kichwa mpaka kwenye paa. Ndivyo lilivyo bwawa lisilo na alikali ya kutosha: ukiweka asidi kidogo tu pH inaporomoka, mvua ikinyesha inaporomoka tena, na maji yanaanza kula saruji na vyuma. Kwa hiyo alikali si adui. Kiwango kinachopendekezwa kwa mabwawa ya nyumbani ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita.

Shida inaanza inapofika 200, 250, na kuendelea. Maji yenye bikaboneti nyingi hubeba hewa ukaa nyingi, na hewa ukaa haipendi kukaa humo. Ni kama soda iliyoachwa wazi mezani: gesi inatoka taratibu mpaka inaisha. Kwenye bwawa, kila gesi inavyotoka ndivyo pH inavyopanda. Leo umeishusha hadi 7.4, kesho kutwa iko 8. Mwenye nyumba analaumu klorini, fundi analaumu jua, muuza duka anasema ongeza dawa nyingine.

Na pH ikipanda, klorini inalala. Hili ndilo watu wengi hawalijui. Klorini ikishaingia majini hugawanyika katika sura mbili, moja inaua vijidudu haraka, nyingine ni mvivu. Kwenye pH ya 7.5 zinagawana karibu nusu kwa nusu. Kwenye pH 8 ile yenye nguvu inabaki kama robo tu. (Kama bwawa lina ile dawa ya kuikinga klorini dhidi ya jua, hesabu hubadilika na tofauti inapungua, lakini mwelekeo ni ule ule.) Kwa hiyo mzee unanunua ndoo nzima ya klorini halafu sehemu kubwa yake inaelea tu humo ndani kama mtumishi hewa. Wakati huo huo kalisi inaganda kwenye vigae, mchanga wa filta unashikamana, maji yanakuwa na rangi ya tui jepesi.

Kwa nini inapanda hivi kwetu? Angalia unapokaa. Rasi ya Msasani na sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, na matumbawe ni chokaa. Pale Wazo wanachimba chokaa ya kutengenezea saruji tangu miaka ya 1960, na hakuna aliyeileta kwa meli. Maji ya mvua yakipita kwenye mawe hayo yanayayeyusha kidogo kidogo, na ukichimba kisima unayavuta yakiwa yamesheheni. Huhitaji maabara kulijua hilo. Tazama ndani ya birika la chai nyumbani, ule ukoko mweupe. Tazama sabuni inavyokataa kutoa povu. Wa Unguja na Mombasa hapa wanatabasamu tu, maana wao ndio wamekaa juu ya tumbawe kabisa.

Halafu kuna jua. Maji yakiruka hewani yanaondoka peke yake, madini yanabaki. Chukua bwawa letu la mfano lenye eneo la mita za mraba 36. Likipungua milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 180. Kwa wiki ni lita 1,260, na unazirudisha kwa mpira kutoka kisimani. Kama maji ya kisima yana alikali ya 300, kila wiki unaongeza alikali ya bwawa zima kwa miligramu 7 na nusu kwa lita. Kwa mwezi ni 30. Hakuna aliyeroga bwawa lako, wewe mwenyewe ndiye unalilisha.

Bwawa jipya nalo lina yake. Plasta mbichi ya saruji hutoa chokaa ndani ya maji kwa miezi ya mwanzo, pH na alikali zikapanda hata kama maji ni mazuri. Na kuna mafundi wetu wanaopenda kumwaga magadi soda kila maji yakiwa na ukungu, kwa sababu mtu fulani aliwaambia magadi husafisha. Magadi hupandisha pH na alikali pia. Ukiyaweka kwenye bwawa ambalo tayari limezidi, umemwongezea chumvi mgonjwa wa presha.

Tabia hii ya dawa juu ya dawa si yetu peke yetu, msije mkadhani ni ushamba wa Bongo. Mwezi Agosti 2016 kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, dunia nzima ikitazama, bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani kama mchicha kati ya siku moja na nyingine. Waandaaji walitoa maelezo zaidi ya moja, na katika maelezo ya mwanzo alikali ilitajwa. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba mtu alikuwa amemimina lita 80 za haidrojeni peroksaidi ambayo ilizima kazi ya klorini, na mwani ukapata karamu. Bwawa la jirani lilipoambukizwa rangi hiyo walilazimika kuondoa lita zaidi ya milioni 3 na kuweka nyingine. Wale walikuwa na wataalamu na bajeti. Sembuse wewe na kindoo chako cha mrututu?

Na huo mrututu nao, kwa heri. Unaua mwani, kweli, lakini ni shaba, na kwenye maji yenye pH ya juu shaba hiyo huganda na kuacha madoa kwenye kuta ambayo utayasugua mpaka uzeeke.

Tiba ya alikali iliyozidi ni asidi na hewa. Basi. Hakuna siri ya Wazungu.

Kwanza unapima. Kipimo cha matone kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha tone moja moja huku unatikisa, unahesabu mpaka rangi ya kijani igeuke nyekundu. Katika vipimo vingi kila tone ni miligramu 10, lakini soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Matone 24, basi alikali ni 240. Zoezi la dakika mbili. Linganisha bei ya hicho kiboksi na bei ya maboza 5 ya lita 10,000, halafu uniambie kipi ni ghali.

Kisha asidi ya haidrokloriki, au ile ya unga kwa wanaoogopa ya maji. Kwa bwawa la lita 50,000, lita 1 ya asidi ya maji yenye nguvu ya asilimia 31 hivi hushusha alikali kwa miligramu 10 kwa lita. Ukiwa na 240 na unataka 100, hesabu inakwambia lita 14. Lakini usikimbilie kumimina 14 kwa siku moja, utaua pH kabla hujafika. Unaweka kiasi kinachoishusha pH hadi 7.0 au 7.2, pampu ikiwa inazunguka, unamimina taratibu upande wa kina kirefu mbele ya tundu linalorudisha maji, na hakuna mtu ndani. Unaacha maji yazunguke saa kadhaa, unapima tena.

Hapa ndipo inapokuja hewa, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Asidi inashusha vyote viwili, pH na alikali. Sasa unataka pH ipande peke yake bila kuivuta alikali. Ukiweka magadi umerudi ulikotoka. Badala yake elekeza matundu ya kurudisha maji yatazame juu ili uso wa maji uchemke, au weka chemchemi kama unayo. Ile hewa ukaa inatoka, pH inapanda yenyewe, alikali inabaki chini ilipo. Ikifika 7.6 unarudia na asidi. Itachukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, haina haraka. Na bwawa likishakaa sawa huwezi kulisahau, maana kisima bado kipo. Kwa ile hesabu ya 30 kwa mwezi, ni kama lita 3 za asidi kila mwezi, zikigawanywa kidogo kidogo.

Utakutana na fundi atakayekwambia kuna ujanja: zima pampu, mimina asidi yote sehemu moja kama nguzo, itashusha alikali bila kugusa pH. Nimeisikia hii kwa watu wazima wenye heshima zao. Si kweli. Asidi ikishachanganyika na maji yote, hesabu ni ile ile, uimimine kwa nguzo au kwa kijiko. Tofauti ni kwamba ile nguzo ya asidi, ambayo ni nzito kuliko maji, inatua sakafuni na kuitafuna plasta yako.

Maji ya betri pia tuyaache kwenye magari. Ile ni asidi ya salfa, na salfeti inayobaki hushambulia saruji.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi kuliko maji.

Mwaka jana nilikwenda Mbezi Beach kumhoji mzee mmoja kwa habari nyingine kabisa. Mzee alichelewa, nikakaa uani na kijana anayetunza bwawa. Kiumri hapiti 25. Fulana yake ilikuwa na matundu madogo madogo kifuani, kama imeliwa na mende.

"Kaka, hii ni tindikali," akaniambia akicheka. "Ikirukia unaskia tu inakuwasha, unakimbilia bombani."

Nikamuuliza glavu ziko wapi. Akaingia kwenye kibanda cha pampu akatoka na mifuko miwili ya mkate. Anavaa hiyo, anafunga na mpira mkononi. Miwani hana. Asidi ilikuwa kwenye dumu lililowahi kuwa la mafuta ya kula, lebo ya alizeti bado ipo, limekaa bega kwa bega na ndoo ya klorini. Kipimo je? "Bosi ananiambia nionje kwa macho. Maji yakiwa na wingu naongeza, yakikaa vizuri naacha."

Nionje kwa macho!

Ngoja niseme bila kuzunguka. Yule kijana anafanya kazi ya kemia. Kazi ambayo wewe na mimi tulifundishwa tuvae koti jeupe na kusimama mbali. Lakini kwenye nyumba zetu anahesabiwa pamoja na wa kufagia majani, anaagizwa sigara, analipwa kama anayefagia majani. Tunasema tumeajiri kijana wa bwawa. Tumeajiri mtu wa kumpa dumu la tindikali na kumwombea dua.

Na dua hazitoshi. Asidi na klorini zikikutana bila maji mengi katikati hutoa gesi ya klorini, gesi ile ile iliyotumika kuua askari kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Haihitaji ghala. Kopo moja lililochotea klorini likachotea asidi bila kuoshwa linatosha kumwangusha mtu ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Dumu lisilo na lebo linamtosha mtoto mwenye kiu. Na ukitaka kupunguza ukali wa asidi kwenye ndoo, maji yanatangulia, asidi inafuata, kamwe si kinyume chake, maana ukimwagia maji juu ya asidi inachemka na kukurukia usoni. Haya yanatakiwa yawe yamebandikwa mlangoni mwa kila kibanda cha pampu kwa Kiswahili kikubwa. Nimeona vibanda kadhaa mwaka huu. Nilichokuta kimebandikwa ni kalenda za benki.

Neno tindikali kwetu linatisha, hasa baada ya mashambulizi ya Zanzibar ya mwaka 2013. Sheria tunayo, ile ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayeisimamia, wauza kemikali wanatakiwa kusajiliwa. Lakini sheria inaishia dukani. Dumu likishapita getini hakuna mkaguzi anayekuja kuuliza nani anamimina na amevaa nini. Hapo ni wewe mwenye nyumba. Au wewe mpangaji wa apatimenti unayelipa ada ya huduma kila mwezi na kuogelea Jumapili. Glavu za mpira nzito, miwani ya kukinga macho, gambuti, kipimo cha matone, na daftari. Hayo yakitajwa kwenye kikao cha wapangaji utasikia watu wanakohoa. Ikitajwa kamera ya nne ya ulinzi hakuna anayekohoa.

Kuna wenzangu wanasema suluhisho ni kupiga marufuku mabwawa ya majumbani, au kuyatoza kodi kubwa. Mimi siko huko. Mabwawa yameshajengwa, wapo vijana wanaokula kwa kuyatunza, na watoto wanaojifunza kuogelea huko ni watoto wasiozama baharini. Ninachotaka ni bwawa likishajazwa, likae na maji yake miaka. Inawezekana.

Nisieleweke kwamba hakuna siku ya kupunguza maji. Ipo. Kalisi ikizidi sana, asidi haiiondoi. Ile dawa ya kuikinga klorini dhidi ya jua nayo, inayojilimbikiza kwa wanaotumia vidonge peke yake mwaka mzima, haina namna rahisi zaidi ya kupunguza maji na kuongeza mengine. Lakini hapo unapunguza sehemu, theluthi kwa mfano, ukishapima ukajua unapunguza nini. Bwawa tupu lina hatari yake pia. Baada ya masika, maji ya ardhini yakiwa juu, shimo tupu la saruji linaweza kusukumwa kutoka chini kama mtumbwi, likapasuka au likanyanyuka. Mwenye nyumba aliyetaka kuokoa pesa ya kipimo anajikuta anatafuta fundi wa zege.

Na maji ya kuongezea si lazima yatoke kisimani. Mvua ikitua kwenye bati haijapita kwenye tumbawe lolote, karibu haina alikali kabisa. Dar inapata wastani wa zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, ukikusanya milimita 1,000, ni lita 100,000, na hata ukitoa zinazopotea kwenye mifereji, bado zinakaribiana na kupita zile lita 65,000 na kitu ambazo bwawa letu la mfano linapoteza kwa jua mwaka mzima. Kwa maneno mengine, nyumba nyingi zenye bwawa tayari zina paa la kulilisha, na kila lita inayotoka juu ni lita ambayo haikuvutwa chini na haikuongeza alikali. Kinachokosekana ni matangi na bomba la kuteremshia. Turubai la kufunika bwawa siku ambazo hamuogelei litapunguza hata hilo hitaji lenyewe.

Masika yanaanza Machi. Mifereji isafishwe Februari, majani ya mwembe yatolewe, na mvua ya kwanza iachwe ioshe bati na kinyesi cha kunguru kabla hamjafungulia tangi.